Kofi la Kufunika Kikohozi

Alhamisi, tarehe ishirini na mbili, mwezi wa Shukrani. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu membamba na baridi ya kuingia magotini, ingawa redio ya serikali ilikuwa imekwisha kutangaza jua kwa heshima ya Mheshimiwa Waziri. Mtangazaji aliwasihi wananchi wasifungue miavuli, wasije wakalivunjia jua heshima.

Jina la nchi yenyewe halitajwi hapa, na si kwa woga. Lilikuwa limeandikwa kwenye kibao kikubwa mpakani, na kibao hicho kiling'olewa kupisha upanuzi wa barabara. Wizara iliahidi kukirudisha. Tangu hapo wageni huingia bila kujua wameingia wapi, na wenyeji wamezoea kuiita “hapa”.

Hapa, basi, katika Mtaa wa Mibarika, fundi viatu mmoja aitwaye Elifasi Shangali alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda chake akisali. Alisali mikono ikiwa nyuma. Mkewe, Mama Tito, aliyekuwa akipepea jiko la mkaa mlangoni, alimtazama mpaka moto ukashika.

“Baba Tito,” alisema, “siku hizi unasali kama mtu aliyekamatwa.”

Elifasi aliyafumba macho zaidi. Angemwambia nini? Kwamba kila alipokutanisha viganja vyake mbele za Mungu, hata kwa upole wa namna gani, alisikia kofi? Alimaliza sala yake hivyo hivyo, akainuka, akanawa mikono kwa maji ya uvuguvugu kama kanuni ilivyomtaka, akaipaka mafuta. Barabara mpya ilikuwa inazinduliwa saa nne, na yeye ndiye Kiongozi wa Makofi wa mtaa.

*

Cheo hicho si cha mzaha. Katika nchi ile mambo ya umma hayapitishwi kwa kura. Mwasisi wa taifa aliona kwamba kura ina hila nyingi, na baya zaidi ni kwamba inaweza kuwa nyingi upande usiotakiwa. Kofi, alisema, ni bora: anayepiga anajulikana, na asiyepiga anajulikana zaidi. Kwa hiyo jambo husomwa mkutanoni, watu hupiga makofi, na Msikilizaji wa Makofi, ambaye ni mtumishi wa serikali aliyepelekwa ng'ambo kusomea masikio, huinua kibendera cha kijani na kutamka, “Limesikika.” Likishasikika limekuwa sheria. Mahakama Kuu yenyewe haina uwezo wa kulinyamazisha.

Kazi ya Kiongozi wa Makofi ni kuanza, ili wengine wasipate taabu ya kufikiri. Lakini anayo kazi nyingine, ya siri, siri ya namna ile ambayo kila jirani anaijua. Viongozi wa nchi ile hawakohoi. Imeandikwa kwenye vitabu vya watoto wa darasa la pili kwamba kiongozi ana kifua safi. Basi kiongozi anapobanwa na kikohozi katikati ya hotuba, Kiongozi wa Makofi hupiga kofi upesi, umati unaitikia, na kikohozi kinapita humo ndani kama mwizi aliyejichanganya na msafara wa harusi. Kofi hilo halipitishi chochote. Ni la adabu tu, kama kumrudishia shuka mgonjwa aliyefunuka. Msikilizaji analifahamu, naye hukiacha kibendera chake kwapani.

Elifasi alikuwa bingwa wa kofi hilo. Aliweza kuona kikohozi kikipanda kooni kabla mwenye koo hajakisikia. Watu walisema kwamba mawaziri wawili walipata kupandishwa vyeo kwa sababu ya mikono yake. Naye alipokuwa akisifiwa hivyo aliinamisha kichwa, akasema ni neema tu, akaenda nyumbani akiwa amefurahi kuliko inavyompasa mtu wa sala.

*

Mwaka mmoja nyuma, mwezi wa Uvumilivu, Mheshimiwa Mhandisi Daktari Fulgensi Matandiko, Waziri wa Barabara na Muinuko, alikuja Mibarika kuwasomea watu habari ya barabara mpya.

Mtaa wa Mibarika umekaa kwenye mteremko. Nyumba za upande wa juu, ikiwemo ya Elifasi, zinaitazama barabara kutoka kilimani. Nyumba za upande wa chini zimeipa barabara milango yao, kwa maana nyuma yao hakuna kitu: kuna machimbo ya mawe ya zamani, shimo ambalo hata mbuzi hulitazama kwa mbali. Mtu wa upande wa chini akitaka kwenda popote duniani, sharti aanzie barabarani.

Mheshimiwa alieleza kwamba barabara ya zamani ilikuwa na kasoro moja kubwa. Ilikuwa chini, mahali watu wanapoishi. Hii mpya ingejengewa tuta, ikanyanyuliwa kupita kimo cha mtu mrefu, ikatiwa ukingo wa zege usiokatika tangu darajani hadi sokoni.

“Ndugu wananchi,” alisema, “zamani barabara ilikuwa ya kwenda mahali. Huo ulikuwa ushamba. Barabara ya kisasa ni ya kuonekana ikienda.”

Makofi. Kibendera. Limesikika.

Kisha akafungua ukurasa wa masharti, akasoma kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayesoma maandishi ya nyuma ya chupa ya dawa. Mwenye nyumba yeyote wa upande wa chini, alisoma, anaiachia Wizara haki yake ya kuingia na kutoka kwa muda wote wa ujenzi.

Watu wa upande wa chini walianza kutazamana. Mwalimu Nahumu, aliyekuwa mstari wa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu, alinyoosha mkono kuuliza swali. Mheshimiwa aliuona ule mkono. Na ama kwa kuuona, ama kwa vumbi, koo lake likaanza kucheza.

Elifasi aliliona koo. Mkono hakuuona.

Alipiga kofi. Umati mzima ukaitikia, wa juu na wa chini, kwa maana katika nchi ile mikono huelewa kabla ya kichwa. Hata Bi Hulda, mke wa Mwalimu, alipiga, kisha akaigeuza mikono yake na kuitazama kama aliyoazimwa na mtu. Kikohozi kikapita salama. Lakini safari hii kibendera hakikubaki kwapani. Kilipanda.

“Limesikika,” akasema Msikilizaji.

Mkono wa Mwalimu Nahumu ulikuwa bado juu. Baadaye kidogo aliushusha, akauweka mapajani.

*

Watu walipotawanyika, Elifasi alimfuata Msikilizaji, Bwana Ludoviki, aliyekuwa akikunja kibendera chake kwa uangalifu kama leso ya bibi harusi. Akamwambia kwa sauti ya kunong'ona kwamba kumetokea makosa madogo. Lile kofi la mwisho halikuwa la masharti. Lilikuwa la kikohozi.

“Kikohozi gani?” Ludoviki aliuliza.

“Cha Mheshimiwa.”

Ludoviki alitazama kushoto, akatazama kulia, akatabasamu kwa huruma. “Mzee wangu, unasema Waziri wa serikali alikohoa?”

Askari wawili walikuwa wamesimama karibu, wakila mahindi ya kuchoma. Mmoja aliacha kutafuna.

“Hapana,” Elifasi akasema. “Hakukohoa.”

“Basi kofi lilikuwa la nini?”

Elifasi aliinamisha kichwa, akaaga. Alirudi nyumbani kwa njia ndefu, ili asipite mbele ya nyumba ya Mwalimu. Jogoo hakuwika, kwa sababu ilikuwa alasiri. Lakini yeye alimsikia.

*

Ni vema ieleweke Mwalimu Nahumu alikuwa nani kwake. Miaka mingi, kabla na baada ya kuanguka kutoka kwenye paa la kanisa alipokuwa akiziba tundu, Mwalimu alifundisha watu wazima kusoma, jioni, sebuleni kwake. Wapagazi, wauza maandazi, akina mama wenye wajukuu, wote walikaa kwenye mabenchi yake wakikunja vidole juu ya kalamu. Elifasi alikuja akiwa na mvi tayari, akakaa benchi la nyuma ili asionekane. Neno la kwanza alilolisoma bila kusaidiwa lilikuwa kwenye kopo la dawa ya viatu, kopo alilolishika kila siku kwa miaka thelathini bila kujua lilikuwa linamwambia “koroga kwanza”. Usiku ule alimsomea Mama Tito kopo zima, mara mbili, na Mama Tito akalia.

Tangu hapo kila Jumapili Elifasi alikwenda kumchukua Mwalimu. Alisukuma kile kiti kutoka kizingitini, wakapanda mteremko mdogo wa udongo ambao wanafunzi waliushindilia kwa miguu yao wenyewe, wakaingia barabarani, wakaenda kanisani wakibishana juu ya mahubiri ambayo bado hawajayasikia.

Makatapila yalipokuja, kazi ya kwanza yaliyofanya ni kuuzika ule mteremko. Kisha kikaja kifusi, lori juu ya lori. Barabara ikapanda. Ikapita vizingiti, ikapita madirisha, ikasimama usawa wa mapaa, na ukingo wa zege ukawekwa juu yake kama kifuniko. Watu wa upande wa chini walifungua milango yao asubuhi wakakuta ukuta. Vijana walipanda juu ya pipa, wakavutwa na wenzao. Akina mama waliteremshiwa unga kwa kamba. Mvua iliponyesha, maji yote ya barabara yaliteremka kuwaamkia.

Upande wa juu mambo yalikuwa tofauti. Barabara ilipanda mpaka ikawa sawasawa na baraza ya Elifasi, hata mteja aliweza kumpa kiatu bila kushuka kwenye baiskeli. Watu walimpongeza. Wengine walimpongeza kwa namna ambayo mtu hulala nayo akiitafuna.

“Kumbe ulijua,” muuza mkaa mmoja alimwambia, akicheka. “Wewe mzee, kofi lako lina macho.”

*

Elifasi alikwenda Wizarani kumwombea Mwalimu njia. Kwenye dirisha la malalamiko alimkuta Bwana Ludoviki. Serikali ilikuwa imeona vema kwamba anayesikia makofi ndiye asikie na vilio, kwa kuwa masikio ni yale yale.

Ludoviki alimpokea vizuri sana, akamvutia kigoda. Elifasi alimkumbusha sheria ya zamani, ambayo hata watoto waliijua: mwenye nyumba ambayo kizingiti chake kinagusa barabara ana haki ya kuingia na kutoka, na barabara ikijengwa upya, serikali ndiyo itakayomtafutia pa kupita. Ludoviki alikubali kwa moyo wote. Ni sheria nzuri, alisema, yeye mwenyewe huisoma akipata huzuni. Ila kizingiti cha Mwalimu hakigusi tena barabara. Barabara iko juu yake. Kwa hiyo kisheria Mwalimu si jirani wa barabara. Yuko kama mtu anayekaa katikati ya ziwa, na hakuna aliyewahi kuidai Wizara njia ya ziwani.

Elifasi akauliza kama huruma haina dirisha lake. Ludoviki akasema huruma ipo, ila mwombaji sharti aje mwenyewe.

“Hawezi kutoka nyumbani,” Elifasi alisema. “Ndilo ombi lenyewe.”

“Basi akishapata pa kutokea, aje aombe.”

“Na akishapata pa kutokea ataomba nini?”

“Hapo,” Ludoviki alisema kwa furaha ya kweli, “ndipo utaona Wizara haina malalamiko hata moja.”

Akaongeza, akiinamia dirisha kama ndugu, kwamba Elifasi asikate tamaa. Haki ya Mwalimu haijafa, imelala. Kanuni inasema haki iliyoachwa wakati wa ujenzi humrudia mwenyewe siku ya uzinduzi, na Wizara italazimika kutoboa ukingo mbele ya kila mlango. Isipokuwa kama uzinduzi wenyewe utapigiwa makofi. Ukipigiwa makofi, ukingo utakaa maadamu barabara iko hai.

“Na nani aliwahi kuzindua barabara bila makofi?” Elifasi aliuliza.

“Sijawahi kusikia,” alisema Ludoviki, “na mimi nimesomea.”

*

Hata hivyo Wizara haikukaa bure. Ilisikia kwamba watu wa upande wa chini wanapata usumbufu, ikawaletea Ngazi ya Taifa. Ngazi hiyo ililetwa na lori lililopambwa kwa vitambaa, bendi ya polisi ikipiga. Ilikuwa moja, ya chuma, imepakwa rangi za taifa, na ilifungwa kwa mnyororo upande wa barabarani ili wezi wasiichukue. Ufunguo uliwekwa Wizarani. Kuhusu Mwalimu Nahumu, mtaalamu mmoja alifafanua kwamba kiti chake kina magurudumu manne, kwa hiyo ni gari, na gari haliruhusiwi kupanda ngazi. Liingie barabarani kwa makutano rasmi, kule sokoni, kama magari mengine.

Elifasi aliongoza makofi ya ngazi. Alijiambia ngazi ni bora kuliko kukosa ngazi. Aliporudi nyumbani jioni ile alijaribu kusali, akakutanisha viganja, akasikia alichosikia. Ndiyo siku aliyoanza kuiweka mikono nyuma.

Jumamosi kabla ya uzinduzi alikwenda kumsalimu Mwalimu. Hakuna namna nyingine ya kumsalimu ila kulala kifudifudi juu ya lami na kuchungulia chini kupitia ukingo. Mwalimu alikuwa ameketi mlangoni, katika ule uchochoro wa hatua chache uliobaki kati ya kizingiti na ukuta. Alikuwa amevaa shati la Jumapili. Bi Hulda alikuwa amemwambia azoee kulivaa siku nyingine, lisije likaoza.

“Mwalimu, shikamoo.”

“Marahaba. Ni Elifasi? Siku hizi sauti yako inatoka mbinguni. Nikikuitikia naogopa nitakuwa nimekufuru.”

Bi Hulda alicheka kutoka ndani, akauliza hali ya Mama Tito. Mwalimu akataka kujua kanisani waliimba nini, na nani aliimba vibaya. Elifasi akamwambia. Kisha Mwalimu akasema amesikia mafundi wakigongelea kibao juu ya kichwa chake, na hakuna aliyemwambia kimeandikwa nini.

“Nisomee.”

Elifasi alikigeukia kile kibao. Herufi zilikuwa kubwa, nyekundu, na alizijua zote. Aliyemfundisha alikuwa anangoja huko shimoni. “Kimeandikwa,” alisema, “‘Barabara Hii Imekuja Mlangoni Kwako’.”

“Umesoma vizuri,” Mwalimu alisema. “Siku hizi hukwami tena kwenye maneno marefu.”

Hapo Elifasi hakuweza kuendelea kuficha. Alisema, “Mwalimu, siku ile ya lile kofi langu…”

“Nilikuona. Ulikuwa unatazama koo la mtu. Ndiyo kazi yako, na unaijua. Mimi nilikuwa na swali tu.”

“Swali gani?”

“Nilitaka kuuliza, nitapita wapi?”

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama alivyozoea kusema darasani, polepole, ili wa benchi la nyuma wasikie. Elifasi alilaza paji la uso wake juu ya lami, akabaki hivyo, na baiskeli zikampita zikipiga kengele.

*

Saa nne Alhamisi ile, manyunyu yalikuwa bado yanaanguka juu ya jua la redio. Umati ulijaa barabarani. Watu wa upande wa chini hawakuonekana, ila vijana wao wachache waliovutwa kwa kamba. Mheshimiwa Matandiko alipanda jukwaani bila mwavuli, maana yeye hasa ndiye aliyeahidiwa jua. Redio ilikuwa inarusha moja kwa moja. Kipaza sauti kilikuwa kikubwa kama mchi.

Alihutubu kwa muda mrefu. Alisema kwamba mataifa mengine yana barabara zinazojipendekeza kwa kila mlango, kama mgeni asiye na kwao; hii ya kwetu ina heshima zake. Alisema kuna watu wachache, hakuwataja, wanaonung'unika kwamba hawawezi kuifikia. “Na mwezi je?” aliuliza. “Nani kati yetu anaufikia mwezi? Mbona hatuushitaki?”

Kisha akashika mkasi wa kukatia utepe. “Kwa hiyo sasa ninatamka kwamba barabara hii ime—”

Elifasi aliliona koo kabla ya mtu yeyote. Alikiona kikohozi kikipanda, kikubwa, cha mtu aliyekaa na shati bichi tangu asubuhi. Mikono yake ikaanza kuinuka yenyewe. Akaikamata. Akaipeleka nyuma ya mgongo, akafunga vidole, kama alivyokuwa magotini alfajiri.

Mheshimiwa akakohoa.

Hakuna aliyemfunika. Kilikuwa kikohozi cha kawaida kabisa, chenye kohozi, kama cha babu yeyote wa nyumba yoyote, na kilitoka kwenye kipaza sauti kikaenda mikoani. Watu waliinamisha nyuso. Kikaja cha pili, na cha tatu. Umati wote ulimgeukia Elifasi, na Mama Tito, aliyekuwa nyuma yake, akaiona mikono ilipokuwa, akaelewa, akaanza kusali kimoyomoyo.

Elifasi aliona aibu ambayo hakuitegemea. Alikuwa amejiandaa kuogopa. Hakujiandaa kumwonea huruma mtu mnene mwenye mkasi, aliyeinama akikohoa peke yake mbele ya taifa, macho yakimtoka machozi. Kidogo mikono imponyoke.

Ndipo likasikika kofi.

Lilitoka chini, ng'ambo ya ukingo. Kofi la mtu mmoja, kavu, la taratibu. Mwalimu Nahumu, asiyeweza kuona kitu ila zege, alikuwa amesikia kikohozi kisichofunikwa, akajua kwamba kuna jambo limempata mwanafunzi wake huko juu. Ameanguka, au amezimia. Basi akawa anaifanya kazi yake badala yake. Bi Hulda akamwitikia kutoka jikoni.

Bwana Ludoviki alitega sikio lililosomeshwa ng'ambo. Uso wake ukang'aa. “Wenye nyumba wa upande wa chini,” alitangaza, “wameridhia wenyewe.” Kibendera kikaanza kupanda. “Limesi—”

“Bado,” Elifasi akasema.

Hakujua amefikaje kwenye kipaza sauti. Alikuta kiko mbele yake, na sauti yake ikamrudia kutoka kila upande wa mtaa.

“Kofi hilo si la barabara. Ni la kikohozi. Mheshimiwa amekohoa.”

Watu walishika vinywa. Mama mmoja alimziba mtoto wake masikio.

“Mzee Elifasi,” Ludoviki alisema, kibendera kikiwa nusu njia, “unajua unachosema?”

“Najua. Amekohoa leo, na siku ya mkutano alikohoa pia. Mimi nilimfunika, nawe ulisikia, tukamfukia Mwalimu na nyumba zote za upande wa chini kwa kofi lisilo na maana. Uliniuliza, nikakujibu hakukohoa. Nilisema uongo kwa sababu askari aliacha kutafuna. Kama nasema uongo tena, muulize mwenyewe.”

Mheshimiwa Matandiko alijiinua, akajipangusa macho kwa leso, akavuta pumzi ya kukanusha. Badala ya kukanusha akakohoa.

Ludoviki alikitazama kibendera chake. Hakuna alichofundishwa ng'ambo kilichomsaidia. Kofi la kikohozi halipitishi jambo. Hilo alilijua tangu siku yake ya kwanza kazini. Alikishusha taratibu, akakirudisha kwapani; Mheshimiwa akakata utepe, na kwa mara ya kwanza katika nchi ile barabara ikawa imezinduliwa kimya.

Kutoka chini ikaja sauti. “Elifasi? Uko mzima?”

“Mzima, Mwalimu.”

“Nilidhani umeanguka.”

“Nilianguka, Mwalimu. Ila si leo.”

Askari wawili walikuwa wanapenya umati kumfuata, bila haraka, kwa kuwa barabara ile haikuwa na pa kukimbilia. Mahali fulani nyuma kijana mmoja aliinua viganja vyake ampigie mzee makofi, na wengine wakaanza kuinua vyao. Elifasi aliona, uso ukamwiva kwa haya. Akakiinamia tena kipaza sauti.

“Mbele za Mungu,” alisema, “na mbele yenu watu wa Mibarika, na mbele ya Mheshimiwa, ambaye namwombea kifua chake kipone. Jumapili hii, kabla ya kengele ya pili, Mwalimu Nahumu atatoka kwa mlango wake mwenyewe, kwenye kiti chake, nami nitakuwa nyuma nikisukuma. Wizara ikitoboa ukingo kama sheria inavyosema, nitashukuru. Isipotoboa, na nikiwa niko huru, nitaanza mwenyewe Jumamosi, hapa hapa, mchana kweupe, kwa nyundo yangu ya viatu, ndogo kama mnavyoijua. Nikiwa nimefungwa, nitaanza siku nitakayotoka. Naahidi mkinisikia. Na nawaomba sana, ndugu zangu, mtu yeyote asinipigie makofi.”